Mizizi Tuliyoikata Kabla ya Sikukuu

Nyumbani kwetu siku ilianza kwa ufagio. Jua halijachomoza, mama alikuwa ameshafagia uwanja mpaka udongo mwekundu unang'aa. Jani moja likianguka, alilitazama kama mgeni asiyealikwa. Kisha tulikunywa maji ya moto ya yerba, majani yetu ya chai, tukala muhogo wa kuchemsha, tukaenda shambani.

Baba yangu, Don Eulalio, alitaka shamba nalo lifanane na ule uwanja. Shida yetu ilianzia hapo.

Tulikuwa na hekta mbili za pamba kando ya barabara. Tulikuwa na farasi mmoja aliyeitwa Doktari, kwa sababu alinusa kila kitu kabla ya kukata shauri. Na tulikuwa na jembe la palizi la kukokotwa na farasi. Lilikuwa na fremu ya chuma na meno matano yaliyopinda kama kucha. Mbele lilikuwa na gurudumu dogo, nyuma mikono miwili ya mbao. Farasi anapita katikati ya mistari ya pamba, na meno yanang'oa magugu na kulegeza udongo. Kaka yangu Liborio alishika mikono ya jembe. Mimi, Silvino, nilishika hatamu mbele. Nilishika pia kazi ya kuchekesha watu. Hiyo hakuna aliyenipa, nilijiajiri mwenyewe.

Mwaka ule baba na Liborio walikuwa na makubaliano. Pamba ikizaa, Liborio angejenga nyumba yake nyuma ya zizi, abaki nasi. Isipozaa, angekwenda Buenos Aires kwa binamu yetu, akabebe matofali.

"Wanaokwenda huko tunabaki nao kwenye picha tu," mama alisema. Kila jioni alipita kando ya pamba akiitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa.

Na pamba ilikuwa nzuri! Mwisho wa Novemba ilifika juu ya magoti, na maua ya kwanza yalikuwa yanafunguka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kwa hiyo magugu nayo yalikuwa yamechangamka.

Baba akasimama barabarani, mikono kiunoni.

"Baada ya siku nane ni sikukuu ya Bikira wa Caacupé," alisema. "Watu wa vijiji vyote watapita hapa kwa miguu kwenda kuhiji. Watasema nini wakiona nyasi hizi? Watasema Eulalio amezeeka."

"Hawatasema, baba," nikamjibu. "Watakuwa na malengelenge miguuni. Watatazama viatu vyao."

"Wewe nyamaza, ulete farasi."

Baba alikuwa na njia yake. Alivuta wenzo mpaka meno yakatanuka kabisa, yakafika karibu na mashina pande zote mbili. Kisha alilipandisha gurudumu, ili meno yazame sana. Alitaka udongo ugeuke wote, uwe mtupu na laini, mpita njia auone kutoka mbali.

Jirani yetu, Ña Melchora, alikuwa anapita na ndoo yake. Ña ndivyo tunavyowaita kina mama wa heshima. Alikuwa mjane, akilima pamba yake mwenyewe na farasi wake mwenyewe. Akasimama penye ua.

"Don Eulalio, habari za kazi? Samahani, siingilii. Lakini hilo jembe si limezama mno? Pamba imeshakuwa kubwa. Mizizi imetambaa mpaka katikati ya mstari. Sasa hivi ni kukwaruza tu." Akaonyesha vidole viwili vilivyolazwa pamoja. "Kina cha vidole viwili. Meno uyabane, yakae mbali na mashina. Magugu ya karibu na shina mng'oe kwa jembe la mkono. Na leo udongo bado una maji. Ungesubiri kesho kutwa."

Baba alikuna kidevu. Nilimwona. Alikuwa anafikiri kweli. Angepewa dakika moja zaidi, pengine angesikia.

Lakini mimi nilikuwa pale.

"Ña Melchora," nikasema, "shamba lako limeota ndevu. Usitufundishe kunyoa!"

Watu wawili waliokuwa wanapita na mkokoteni wakacheka. Baba naye akacheka. Ña Melchora akatabasamu kidogo, akachukua ndoo yake.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nyoeni."

Alipoondoka, Liborio akasema polepole, "Baba, kwa nini tusiteremshe gurudumu kidogo? Tukwaruze tu. Yule mama anavuna kila mwaka."

Baba akakuna kidevu tena. Na mimi nikaingia tena.

"Jamani, Liborio kapata mchumba! Bibi Vidole Viwili!"

Safari hii walicheka hata wale wa mkokoteni waliokuwa wameshafika mbali. Liborio akawa mwekundu mpaka masikioni. Alikamata mikono ya jembe, akalikandamiza chini kwa nguvu zake zote, kana kwamba anakandamiza kichwa changu.

Tukamvalisha Doktari kikapu cha waya mdomoni asile pamba, tukaanza. Siku tatu tulikwenda na kurudi. Kila tulipofika mwisho wa mstari, nilisafisha meno ya jembe. Yalikuwa na nyuzi nyeupe zimening'inia, nyingi, laini.

"Tazama, Liborio," nikasema, "jembe letu linavua tambi! Tumpelekee mama apike."

Liborio alizitazama. Alichukua moja, akaivuta kati ya vidole. Akanitazama mimi. Kisha akasema, "Twende," tukaingia mstari mwingine.

Ilikuwa mizizi ya pamba yetu. Niliishika kwa mkono wangu nikiicheka.

Tarehe saba Desemba watu walipita. Walikuja na mishumaa, watoto mabegani, wengine miguu mitupu. Walilisifu shamba letu. Mzee mmoja alivua kofia. "Shamba kama meza ya padre," alisema. Baba alikunywa tereré, yaani yerba ya maji baridi, barabarani tangu asubuhi hadi jioni, akipokea sifa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Baada ya Krismasi mvua ilikata. Upepo wa kaskazini ukaanza kuvuma, ule wa moto unaofanya mbwa wakatae kubweka. Siku ya tatu pamba yetu iliinamisha majani mchana, ikainuka jioni. Siku ya sita haikuinuka. Maua yakaanguka. Vitumba vichanga vikafuata, vikalala chini kwenye ule udongo safi. Hapakuwa na nyasi hata moja ya kuvificha.

Ng'ambo ya ua, pamba ya Ña Melchora, yenye ndevu zake, ilisimama.

Mwezi wa tatu tulivuna magunia machache sana. Liborio hakugombana na mtu. Alikunja mashati yake mawili. Mama alimwokea mikate ya chipa, akaifunga kwa kitambaa, akaifungua, akaifunga tena. Baba alimpa kofia yake.

Kwenye kituo cha basi nilitaka kusema neno. Mimi, mwenye maneno ya kila siku! Nikasema, "Ukifika, usiwaibie matofali."

"Sawa, Silvino," alisema. Akapanda.

Jioni ile baba hakula. Mama aliosha vyombo, kisha akanigeukia.

"Nenda kwa Ña Melchora. Kamwombe akuonyeshe."

"Baba ndiye mwenye shamba. Kwa nini asiende?"

"Baba yako ana aibu. Wewe una mdomo. Upeleke mdomo wako ukafanye kazi ya maana."

Kesho yake nilikwenda. Ña Melchora alikuwa anapaka mafuta kola ya ngozi anayovaa farasi wake shingoni. Nilisimama pale kama mti.

"Umekuja kuninyoa?" akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi, Ña Melchora. Na kuuliza."

Alichukua koleo, akanipeleka kwenye pamba yake iliyokwisha kuvunwa. Akachimba polepole kuzunguka shina moja, kisha akaondoa udongo kwa mikono. Mizizi ilikuwa imetawanyika kama vidole vya mtu aliyeshika meza, karibu kabisa na juu ya ardhi. Kisha tukavuka ua, akachimba shina moja la kwetu. Mzizi wa katikati ulikuwepo. Ya pembeni ilikuwa imekatwa, kulia na kushoto, sawasawa kama kwa kisu.

"Unaona?" alisema. "Mmea unakula na kunywa kwa hii ya pembeni. Mliikata, halafu jua likaja."

"Kwa hiyo tusipalilie kwa farasi?"

"Aa, nani kasema? Farasi ni mkombozi. Nisingekuwa naye ningeshazikwa. Ila jembe lifuate umri wa pamba. Ikiwa changa, mizizi bado mifupi, unaweza kuzamisha na kusogea karibu. Ikikua, unabana meno ya jembe na kuteremsha gurudumu. Unakwaruza juu tu. Gugu likiwa dogo, linakufa kwa mkwaruzo. Usingoje likomae."

"Na kwa nini ulisema tusubiri udongo ukauke?"

"Udongo wa maji ukiugeuza unakuwa mabonge, na gugu linashika mizizi tena. Subiri mpaka ukiubana mkononi uvunjike. Ukikwaruza hapo, juu panabaki vumbi laini kama kifuniko cha chungu, na unyevu unabaki chini. Pamba ikifunga mistari kwa matawi yake, basi, mtoe farasi. Apumzike."

Nilimwuliza, "Mbona hukusema yote haya siku ile?"

Alinitazama vizuri. "Nilikuwa nasema, mwanangu."

Msimu uliofuata mimi ndiye niliyeshika mikono ya jembe. Mama alimwongoza Doktari. Baba alikuja na jembe la mkono nyuma yetu, akipalilia penye mashina. Kabla ya kila mzunguko alipiga goti na kupima kina kwa vidole. Sikufanya mzaha. Tulipalilia mara nne, mapema, juu juu. Sikukuu ya Caacupé ilipofika, mistari yetu ilikuwa na vijinyasi hapa na pale. Mtu mmoja alipiga kelele barabarani, "Don Eulalio, umezeeka?"

"Nimezeeka kweli!" baba akajibu, akaendelea na kazi.

Liborio alikuja Krismasi. Alikuwa amenenepa, na viatu vyake vilikuwa vizuri. Upepo wa kaskazini ulianza yeye akiwa bado nyumbani. Siku ya saba ya upepo, saa nane mchana, tulikwenda naye shambani. Majani yalikuwa yamesimama. Maua yalikuwa mahali pake. Alichutama, akapangua lile vumbi la juu, akaingiza kiganja chini. Akautoa mkono na kunionyesha. Ulikuwa umelowa udongo wa baridi.

"Mwaka huu mtavuna," alisema.

"Tutavuna. Nyuma ya zizi bado pako wazi, kaka. Baba hajapapanda kitu."

Alifuta mkono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kuna msichana kule, Silvino. Anaitwa Elvira. Tunategemea mtoto mwezi wa tano. Sijamwambia mama bado."

Nilitafuta neno la kumchekesha. Sikulipata.

"Mwambie leo," nikasema. "Usingoje siku ya basi."

Alimwambia jioni ile. Mama alicheka, akamkumbatia, akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Mwezi wa tatu tulivuna magunia mpaka yakajaza chumba cha Liborio. Tuliyaweka humo kwa sababu kilikuwa kitupu.