Gunia Halilali

Mngepita nyumbani kwa mdogo wangu asubuhi yoyote ya siku zile, mngesema hawa wawili Mungu aliwaumba siku moja. Yeye yuko nje, amepindua baiskeli magurudumu juu, anatia mafuta mnyororo. Mkewe yuko mlangoni na kikombe cha chai, anamtania: "Hiyo baiskeli unavyoibembeleza, siku moja itadai mahari." Watoto wanacheka, sare zao za shule zimepigwa pasi. Halafu mke na mume wanafuatana kwenda kazini, mume akipiga kengele kila kona hata pasipo na mtu. Ndiyo maana mji mzima unamwita Kengele, na jina lake la kuzaliwa nadhani amebaki kulijua mama yetu tu.

Sote watatu tulikuwa watu wa posta. Kengele alipeleka barua mitaani. Wifi yangu alichambua barua chumba cha juu, akizirusha kwenye vijisanduku vya mitaa kama mtu anayelisha kuku wake mwenyewe. Mimi nilikaa dirishani nikiuza stempu. Na posta yetu ilikuwa na neno moja tulilorithi kwa waliotutangulia: gunia halilali. Maana yake, gunia lililoshushwa leo litafunguliwa leo, hata kama jua litazama tukiwa bado kazini. Wa mwisho kutoka alitundika gunia tupu kwenye ndoano, akasema kwa sauti, "Halilali!" ndipo akazima taa.

Tulijivunia neno hilo, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu anayeiheshimu kazi yake hana kosa. Kosa ni la yule anayeiona heshima yako akaigeuza kamba ya kukufungia.

Balaa lilianza lifti ya mizigo ilipoharibika. Lifti hiyo ndiyo iliyopandisha magunia kutoka uani, gari la posta linaposhusha mzigo, hadi chumba cha kuchambulia. Tukaambiwa fundi anakuja. Fundi huyo nadhani alikuwa anakuja kwa magoti kutoka nchi nyingine, maana mvua zilinyesha zikakatika hatujamwona. Na wakati huo huo vifurushi vilinenepa. Watu wananunua kila kitu kwa simu siku hizi, sufuria, viatu, vipuri vya magari. Wapagazi nao walikuwa wamepunguzwa. Basi kila mmoja wetu, akimaliza kazi yake, alitia gunia mgongoni akapanda ngazi za chuma nyembamba zisizo na cha kushikia upande mmoja. Meneja ofisi yake ilikuwa chini, nyuma ya dirisha langu. Ngazi zile alizijua kwa kuzisikia tu.

Tawi letu la chama cha wafanyakazi likaitisha mkutano uani. Mwenyekiti alikuwa dereva wa gari la posta, mtu mzima ambaye wote tulimwita Mzee Dereva. Hakupiga kelele wala hakupiga ngumi hewani.

"Hatugomi," alisema. "Barua na vifurushi vyepesi tutavipandisha kwa trei. Dawa tutazitenga hapa hapa uani, juu ya meza, ziende kwa wenyewe leo leo. Lakini gunia zito halipandi tena mgongoni mwa mtu mpaka lifti itengenezwe. Litabaki hapa, chini ya paa."

"Lilale?" mtu mmoja akauliza, kama aliyesikia tusi.

Wifi yangu akasimama. "Lilale ndiyo. Sisi likilala tunaumwa roho. Acheni safari hii limuume meneja."

Watu wakacheka mpaka wakapiga makofi. Kiti cha katibu wa tawi kilikuwa wazi, akapendekezwa papo hapo, mikono ikainuka uani kote. Na mimi niliinua wangu. Mkono wa Kengele ulikuwa mfukoni.

Jioni nilipita kwao. Nilivikuta vita tayari vimeanza.

"Katibu!" Kengele alikuwa anasema. "Mke wangu akabishane na wakubwa? Chama ni cha wavivu wenye midomo."

"Mimi mvivu?" wifi akauliza.

"Sijasema wewe."

"Chama sasa ni mimi, Baba Watoto. Ukikitukana, umenitukana."

"Nyumba hii haitakuwa na katibu. Nimemaliza."

Nikaona nitie neno, mimi ndiye dada mtu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kidole kimoja hakivunji chawa."

"Dada," akanijibu, "mimi sina chawa."

Akacheka peke yake. Na wifi, kwa kutafuta amani ya nyumba, kesho yake akamwomba Mzee Dereva amtafute katibu mwingine. Akina baba mnaonisikiliza, hebu niambieni, hiyo ndiyo amani gani? Mwanamke ambaye watu wazima wote uani wamemwamini, anaambiwa na mtu mmoja anyamaze, na huyo mtu analala usingizi mzuri akiamini ameijenga nyumba yake. Mimi hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na sijaacha mpaka leo.

Siku ya kwanza ya makubaliano, magunia mazito yalibaki uani. Dawa zilikuwa zimetengwa na kuondoka mapema. Chumba cha juu kilikuwa kimya. Meneja alitoka akayatazama yale magunia, akarudi ndani, akamwita Kengele.

Ukuta kati yangu na ofisi yake ni ubao mtupu. Nilisikia kiti cha wageni kikivutwa. Nilisikia soda ikifunguliwa.

"Kengele," meneja alisema kwa sauti ya kubembeleza mtoto mgonjwa, "wewe ndiye posta yenyewe. Hawa wengine wanasubiri mshahara tu. Gunia halilali, au siyo?"

"Halilali, bwana meneja."

"Basi. Na unajua nafasi ya msimamizi iko wazi. Mimi natafuta mtu, sitafuti chama. Sikulazimishi. Wewe mwenyewe uone."

Ndugu zangu, nimeona watu wakivikwa kilemba cha ukoka, lakini sijaona aliyekivaa akakinyoosha mbele ya kioo kama mdogo wangu. Alitoka mle ofisini kifua mbele. Akayabeba yale magunia, moja baada ya jingine, peke yake, shati limemganda mwilini kwa jasho, na kila akilitua moja juu alipiga kelele, "Halilali!"

Sasa mchambuzi afanyeje? Gunia limewekwa mbele ya miguu yake, limefunguliwa. Wakachambua. Siku iliyofuata wawili walimwiga Kengele, maana hakuna anayetaka kuonekana yeye ndiye asiyeipenda kazi. Kabla ya wiki kwisha wote walikuwa wamerudi ngazini, na wifi yangu miongoni mwao.

Mzee Dereva alimshika Kengele bega. "Umetumaliza, mwanangu," alimwambia. Kengele akautoa ule mkono begani kama anayejifuta vumbi.

Sijafika pabaya bado. Malalamiko ya tawi kuhusu lifti yalikuwa yameshafika makao makuu, na siku moja akaja mkaguzi. Meneja hakumpeleka kwenye lifti. Alimleta uani, akamsimamisha chini ya ngazi wakati Kengele anapita na gunia.

"Unaona mwenyewe, mheshimiwa," alisema. "Wanamudu."

Na mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, aliposikia hivyo alifanya nini? Alirudi akaongeza gunia la pili juu ya lile la kwanza! Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. Nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma nina kopo la gundi mkononi, na nusura nimtupie. Mkaguzi akaondoka akisema lifti si jambo la haraka. Tangu siku hiyo Kengele akawa anapandisha mawili mawili, maana ukishajionyesha kwa mkubwa huwezi tena kujipunguza.

Alasiri moja mvua ilinyesha ya rasharasha, ngazi zikalowa. Gari lilikuwa limeleta mzigo mwingi. Meneja alikuwa amesimama chini ya paa na mwavuli wake, anatazama. Kengele akajitwisha magunia mawili akapanda kwa haraka ili aonekane. Nyuma yake alikuwa wifi, na gunia lake moja.

Lile la juu liliteleza.

"Angalia!" Kengele alipiga kelele, lakini unaangalia nini na mgongo umepinda, mikono yote miwili imeshika mzigo? Gunia lilimpiga mkewe kifuani. Alianguka kinyumenyume, yeye na gunia lake, mpaka kwenye sementi ya uani. Mlio wa kuanguka kwake bado ninao masikioni. Sitauelezea.

Tulikimbia wote. Nyonga ilikuwa imevunjika, na hilo halikuhitaji daktari kulijua. Kengele alishuka akapiga magoti kwenye maji, akawa anamwita tu jina lake, jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu harusi.

Na meneja? Alifunga mwavuli, akasema maneno haya, na naomba myashike vizuri: "Nani alimwambia abebe? Ofisi haijatoa amri kwa mtu yeyote. Mlijitolea wenyewe."

Kengele aliinua uso. "Lakini bwana meneja, wewe si ulisema..."

"Nilisema nini?"

Na kweli, jamani, alikuwa ameambiwa nini? Alisifiwa tu. Alipewa soda na kiti. Yule mtu hakuwahi kutamka neno "beba" hata mara moja, na hapo ndipo ujanja wake wote ulipokuwa. Aliingia ofisini akafunga mlango, na mimi niliupiga teke mlango ule mbele ya wateja, na leo nikipita hapo nitaupiga tena.

Waliomwokoa wifi yangu ni wale wavivu wenye midomo. Waling'oa ubao wa ile meza ya kutengea dawa wakamlaza juu yake. Mzee Dereva akawasha gari la posta bila kuomba ruhusa ya mtu, akaendesha mpaka hospitali akiwa amebonyeza honi. Waliobaki walirudi uani, wakayatazama magunia yaliyolowa, na hakuna aliyeinama kuokota hata moja. Jioni hiyo hakuna aliyesema "halilali." Tulizima taa tukaenda zetu.

Basi yule fundi wa kuja kwa magoti akapata miguu! Hazikupita siku nyingi, alikuja na mkoba wake, akabadilisha kifaa kimoja kilichoungua, na kabla ya chakula cha mchana lifti ilikuwa inapanda na kushuka. Kifaa kimoja! Chama kilisimama kidete mpaka ofisi ikakubali kumtibu majeruhi wetu. Meneja hakuadhibiwa, alihamishwa tu, na huko alikokwenda nawaombea wafanyakazi wenzetu wenye migongo. Nafasi ya usimamizi alipewa mtu mwingine kabisa, ambaye hata gunia hajawahi kulishika.

Siku lifti ilipotengenezwa nilikwenda hospitali kumpa wifi habari. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa. Kengele alikaa kwenye kibao upande wa miguuni, ndevu zimemwota, ameshika kofia yake ya posta.

"Wifi," mgonjwa akaniuliza, "tangu nilipoanguka magunia mazito yalikaa wapi?"

"Uani."

"Yalilala?"

"Yalilala, wifi."

"Na watu walipata vifurushi vyao?"

"Walipata. Vilichelewa kidogo. Mmoja alinung'unika kuhusu viatu."

Akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti.

"Kumbe yangelala tu," alisema. "Yangelala, na mimi ningekuwa natembea."

Kengele akaficha uso ndani ya kofia, akalia kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia. Mkewe hakumnyamazisha. Nami sikumnyamazisha, ingawa ni damu yangu.

Leo wifi anatembea kwa magongo, na madaktari wamesema atayazoea. Hakurudi ghorofani, anagonga mihuri pamoja nami dirishani. Yeye ndiye katibu wa tawi letu, na safari hii hakumuuliza mtu. Mumewe humleta mkutanoni kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamteremsha taratibu, akakaa mwisho kabisa. Anapika, anafua, anambeba mkewe hadi bafuni. Baiskeli bado anaitia mafuta, lakini kengele haipigi tena.

FUNZO

Mchuma janga hula na wa kwao. Mdogo wangu alichuma kwa tamaa ya sifa, na aliyekula ni mkewe, kwa nyonga yake. Msiseme chama ni cha watu wa fujo mpaka siku mtakapoanguka, ndipo mjue mikono iliyowainua ni ya nani. Wenzenu wakikubaliana kuutua mzigo, msiuokote nyuma ya migongo yao mkauita uchapakazi, maana mmoja akiubeba, wote watabebeshwa. Wanaume, msiwafunge wake zenu midomo. Wifi yangu aliuona ukweli mapema kuliko sisi sote, akanyamazishwa jikoni kwake. Na nyinyi wakubwa mnaosema hamjatoa amri, tunawajua, na siku hizi tunawajibu tukiwa wengi. Bosi akikuita peke yako, akakupa kiti na kukusifu kuliko wenzako wote, kabla hujajitwisha chochote, geuka nyuma kwanza uone ni nani anayepanda ngazi baada yako.