Kondoo wa Kwanza wa Mokeira

Miaka ile misitu ya Kericho ilipokuwa ikikatwa ili majani chai yapandwe, Mokeira na mumewe Onsongo walihama kutoka Kisii. Walipata kishamba karibu na Merigi. Onsongo alikuwa kibarua kwenye chai ya mzungu. Mokeira, mtoto wao Bosire mgongoni, alilima wimbi. Walipovuna, walibadilisha wimbi wakapata kondoo jike wawili.

Kufuga kondoo kulikuwa kugeni kwao. Mokeira aliwajengea zizi bondeni, karibu na mto, penye majani mabichi. Aliwatoa asubuhi na mapema, umande ukiwa bado mzito. Aliona anawatunza vizuri kabisa.

Mvua ikazidi. Kondoo mmoja akaharisha, akakonda, akafa. Wa pili alikuwa na mimba. Akaanza kuchechemea, na kwato zake zilinuka.

"Huyu naye anakwisha," alisema Onsongo. "Tumchinje, angalau tupate nyama."

"Ngoja kwanza, Baba Bosire. Wacha niulize jirani."

Jirani yao Tapkigen, mama wa Kikipsigis, alizaliwa akakuta kondoo kwao. Alikuja, akainua mguu wa yule mgonjwa, akautazama.

"Mama Bosire, hapa shida ni tope. Kondoo akikaa kwenye maji, kwato zinaoza. Na haya majani ya bondeni, yakiwa na umande, yanampa minyoo. Hiyo ndiyo ilimaliza mwenzake."

"Kumbe nilikuwa nawaumiza!"

"Hukujua. Lete kisu, na maji ya chumvi."

Tapkigen alikata kwato zilizooza, pole pole, asifike kwenye nyama. Akaziosha, akazikausha.

"Sasa jenga huko juu kwenye mteremko. Sakafu iwe ya fito, iinuliwe, mkojo na maji vipite chini. Weka paa la nyasi. Na usimtoe mpaka jua likaushe majani."

Onsongo alikata miti, wakajenga. Baada ya muda kondoo akaacha kuchechemea.

Alasiri moja mvua ya mawe ilishuka. Kondoo akalala, akaanza kusukuma. Mokeira alimwita Tapkigen kwa sauti kubwa, naye akaja mbio, amejifunika ngozi kichwani. Mtoto akatoka. Alikuwa kimya, amelegea kama kitambaa kilicholoa.

"Amekufa," Mokeira alinong'ona.

"Bado! Mpanguse pua! Toa ute mdomoni! Msugue kwa nyasi kavu!"

Mokeira alisugua. Mawe yalipiga paa. Akasugua tena. Ghafla kifua kidogo kikainuka chini ya viganja vyake. Kikashuka. Kikainuka. Mtoto akapiga chafya.

Mwili wa Mokeira ulisisimka wote. Mama kondoo alimlamba mwanawe, akimwita kwa sauti ya chini ambayo Mokeira hakuwahi kuisikia. Mtoto akasimama, akaanguka, akasimama tena. Hakuna aliyemwonyesha ziwa lilipo, lakini akalifuata.

"Hayo maziwa ya kwanza, ya manjano, msiyakame," alisema Tapkigen. "Ni yake. Yanamkinga na magonjwa."

Onsongo alirudi kutoka kazini amelowa. Alipomwona mtoto akinyonya, alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Miaka ikapita. Zizi lile la juu lilijaa kondoo, na kwato zao zilikuwa kavu. Mokeira alizoea kazi zote za ufugaji. Ila kila kondoo alipozaa, aliacha hata chungu jikoni, akaenda kusimama pale, mkono mdomoni, akingoja kile kifua kidogo kiinuke.