Siku Sauti Alipoifunga Bahari

"Kituo, Kituo, hapa boti ya mafundi. Tuko chini ya mnara wa mwisho, tunaomba ruhusa ya kupanda. Ova."

Dada aliyekaa mbele ya redio alikuwa amefungua mdomo ajibu. Mdomo ukabaki wazi. Sauti ile aliijua, na ingawa ilikuwa imepita miaka minane, moyo ulimruka kama wa binti wa shule.

Mafundi walimwita Sauti, maana wengi walimjua kwa redio tu. Yeye alikaa nchi kavu, katika chumba cha skrini nyingi, akiamua nani aende kwenye mitambo ya umeme wa upepo kule baharini na nani asiende. Mawimbi yakizidi kipimo alitamka tu, "Bahari imefungwa," na hata nahodha mwenye mvi hakubisha.

"Kituo, mnanipata?"

"Nakupata. Pandeni, muwe waangalifu. Ova."

"Asante, Sauti. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Na redio hii inasikika kwa kila mtu. Ova."

Redioni, nyuma ya sauti ile, boti nzima iliangua kicheko.

Alikuwa Bolti. Jina hilo alilipata wakati mitambo inajengwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaza bolti za minara, na bolti aliyoikaza yeye ilikuwa imekazika kweli. Enzi hizo! Walikuwa wakitoka getini bandarini wanatembea mpaka kwao Sauti, wanagombania mfuko mmoja wa karanga, na mikono ya Bolti ilinuka grisi hata baada ya kuoshwa mara tatu. Siku mnara wa kwanza ulipoanza kuzungusha mapangaboi yake, walisimama ukutani bandarini, Bolti akamwonyesha kwa kidole.

"Ule ni wako. Ukizunguka, ujue nakukumbuka."

"Na upepo ukikata?"

"Nitakuwa nimelala."

Walicheka mpaka mlinzi akawafukuza. Sauti aliyakumbuka yote hayo, na alitamani asiyakumbuke.

Maana siku Bolti aliyoahidi kufika nyumbani kujitambulisha, hakufika. Baba alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti. Mama aliazima vikombe kwa jirani. Sauti alitoka zamu ya asubuhi mbio mbio, akapiga simu ya Bolti haipatikani, akakaa dirishani mpaka giza likaingia. Usiku akaandika ujumbe mmoja: "Umenidhalilisha mbele ya wazazi wangu. Usinitafute tena." Kisha akaivunja laini. Meli ya ujenzi ikaenda bahari nyingine, na Bolti akaenda nayo.

Sasa amerudi na meli ya kubadilisha mapangaboi yaliyochakaa, na meli yenyewe inaondoka jioni ileile.

Alasiri Bolti alimkuta Sauti kwenye kichumba cha chai cha kituo. Mvi zilikuwa zimemwanza Bolti pembeni mwa kichwa.

"Umenenepa kidogo," alisema Bolti.

"Hiyo ndiyo salamu?"

"Nilikuwa na nyingine, imenipotea mlangoni."

Sauti hakucheka. "Kwa nini hukuja siku ile?"

Bolti alimkodolea macho. "Wewe ndiye unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani? Baba alikungoja na koti lake!"

"Sauti, nilikuwa baharini. Wewe ndiye uliyenifungia."

"Usinifanye mtoto. Ulikuwa na likizo."

"Mwenzangu aliumwa tumbo usiku wa kuamkia siku ile, nikamshikia zamu. Nilijua ni ya saa chache, asubuhi boti itanirudisha. Asubuhi nahodha akaomba njia, nimekaa pembeni yake na shati langu jipya kwenye mfuko. Nikakusikia kwa masikio yangu: 'Bahari imefungwa.'"

Sauti alikaa kitini polepole. Asubuhi ile aliikumbuka vizuri. Mawimbi yalikuwa yamepanda, nahodha aliomba njia, naye alikataa kama alivyokataa mara mia nyingine, akili iko kwenye vikombe vya mama.

"Hakuna aliyeniambia umo," alinong'ona.

"Mimi nilidhani unajua. Baba yako hakuwapenda wanaume wa melini, nikasema amekugeuza, ukanifungia makusudi. Simu ilipokuja kushika mtandao, meli imeshaondoka nami, tuko mbali, nikasoma ujumbe wako. Nikaamini kabisa."

"Na mimi niliamini umenichezea."

Machozi yalimtoka, hakuyaficha. Miaka yote alimlaumu mtu aliyezuiwa na yeye mwenyewe.

"Nikuulize kitu," alisema Bolti. "Ungejua nimo kwenye boti ile, ungeifungua bahari?"

Sauti alifikiri. Uongo mtamu ulikuwa karibu, akauacha.

"Nisingefungua."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Hasa kwa ajili yako, mjinga wewe. Ulitaka nikuzike?"

Bolti akacheka huku anafuta macho kwa mkono wa jaketi. Simu yake ikaita, akaipokea kwa spika. Alikuwa nahodha, kutoka melini.

"Bolti, tunang'oa nanga. Unapanda au hupandi?"

Alimtazama Sauti.

"Usinitazame mimi," alisema Sauti. "Nimekuamulia mara moja, ikanitosha. Leo amua mwenyewe."

"Nahodha, safari njema. Hapa kuna mitambo ya kutunza, nitaomba kazi ya kudumu."

"Huku mshahara ni mara mbili!"

"Na mimi ni mmoja tu. Nendeni salama."

Sauti alikuwa ameshampigia mama yake.

"Mama, Bolti yuko hapa. Anauliza kama bado anaweza kuja nyumbani."

"Yule wa siku ile?"

"Yule yule. Alikuwa baharini, mama. Mimi ndiye niliyemzuia, sikujua kama yumo."

"Marehemu baba yako alisema mpaka mwisho, kijana yule aliyetusalimia mlangoni hakuwa na sauti ya mwongo. Mimi ndiye niliyembishia, nikakutia na wewe maneno."

"Mama..."

"Usilie kazini, mwanangu. Mlete. Na mwambie asije na maelezo, maelezo nimeshayapata. Aje na njaa."