Sinia Lisilo na Tambuu

"Tambuu iko wapi?"

Aliyeuliza ni mjomba wa Pranjit, kijana anayemchumbia Jonali, na aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia choo ugenini. Mbele yake palikuwa na sinia la shaba lenye mguu, limefunikwa kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu. Alipofunua alikuta iliki, karafuu na sukari ya mawe.

"Mjomba, mimi ni daktari wa meno," Jonali akasema. "Na sasa nasomea fizi. Siwezi kumpa mgeni kitu ninachowakataza wagonjwa wangu."

Mjomba akarudisha mkono mapajani. Mgeni asiyepewa tambuu na popoo ameshaambiwa arudi alikotoka, na pale mjini Nagaon hata mtoto wa kutambaa anajua hivyo. Tena hawa hawakuwa wageni wa kupita. Walikuwa wamekuja kutaja tarehe ya harusi.

Mama yake Jonali alijishika kichwa. "Wewe, umefanya nini? Si nilikuachia sinia dakika moja tu?"

Bi Renuka, mama yake Pranjit, akalifunika lile sinia taratibu. "Tumeelewa," akasema, kisha akainuka.

Jonali akamgeukia Pranjit. Huyu naye ni daktari wa meno. Wana kliniki moja, viti viwili, katikati ukuta wa mbao. Kila siku anawaambia watu wateme tambuu kabla haijawamaliza. Neno lake moja tu lingetosha.

Pranjit alikuwa anatazama soksi zake.

Jioni ile Jonali hakukaa. Akifika dirishani anarudi kitandani, akikaa kitandani mguu unamtikisika wenyewe. Simu hakuiweka chini.

*Mmefika?*

*Mama anasema nini?*

*Pranjit, naona umesoma.*

Jibu likaja baadaye sana: *Mama amekasirika. Tuache mambo yatulie.*

*Yatulie mpaka lini?*

Akalala na simu mkononi.

Jumatatu akamfuata upande wake wa ukuta kabla wagonjwa hawajaanza kuingia.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Ulitaka niseme nini mbele ya mjomba?"

"Kwamba nilichosema ni kweli."

"Si kila kitu cha kweli kinawekwa kwenye sinia, Joni."

"Basi ungesema hata hilo. Ungesema chochote."

Pranjit alikuwa anapanga vifaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Unajua hali ilivyo? Kila Jumamosi unapanda basi la Guwahati kwenda darasani. Wagonjwa wako nawaona mimi. Wakiuliza uko wapi najibu mimi. Na nyumbani naulizwa mimi pia."

"Uliniambia niende."

"Nilikuambia."

"Sasa?"

"Sasa mama anataka uache."

"Niache nini?"

"Hayo masomo. Ukiacha, atarudi kukaa na wazazi wako, tarehe itatajwa, harusi baada ya sikukuu ya Bihu. Usipoacha, mimi sina la kufanya."

"Mama yako ndiye aliyesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Joni, mgonjwa amefika."

Wiki nzima alifanya kazi kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Masomo aliyatafuta kwa miaka. Aling'oa meno tangu amalize chuo, mengine mazima kabisa, yameachwa tu na fizi zake, na kila alipong'oa alijiuliza kama mtu mwingine angeyaokoa. Sasa alikuwa anajifunza kuyaokoa. Lakini alimpenda Pranjit tangu walipokuwa wanagombea taa moja kwenye maabara ya chuo. Ijumaa alipofunga begi alikuwa ameshaamua. Angekwenda Guwahati amwage masomo.

Darasa lao lilikuwa la madaktari watupu, wengine wana mvi, na Daktari Phukan aliyewafundisha hakujali mvi za mtu. Jumamosi ile alikuwa anapita kati ya viti akiwachapa vidole kwa maneno.

"Kifaa kinashikwa kama kalamu, Daktari. Huchimbi mtaro."

Jonali akamsogelea. "Madam, nina jambo la kukuambia."

"Una mgonjwa anakusubiri. Jambo baadaye."

Mgonjwa alikuwa ameshakaa kitini, mkoba mapajani, sari iliyofungwa vizuri, mgongo umenyooka. Bi Renuka.

"Mama?" Jonali akasimama. "Umekuja huku? Nagaon kuna kliniki."

"Ya nani? Yako na ya mwanangu? Nikae juu ya ukuta?" Akafungua mdomo akagusa jino la chini la mbele kwa ulimi. Likatikisika. "Hili linacheza. Juzi nimeshindwa kutafuna hata wali. Fanya kazi yako."

Jonali akavaa glavu. Akachukua kijiti cha chuma chenye alama, kile cha kupimia kina kati ya ufizi na jino, akaanza kupita jino hadi jino, akimtajia namba mwenzake aliyekuwa akiandika. Kila alipogusa damu ilifuata.

"Inauma, Mama?"

"Wewe endelea."

Alipomaliza akamwinua na kumpa kioo. "Hapa ufizi umeachana na jino. Uchafu umeingia chini, ukakaa miaka. Tambuu imefanya yake pia. Mifupa inayoshika jino inapungua bila kukuambia."

"Kwa hiyo ndiyo basi, ning'oe yote?"

"Hapana. Tunasafisha chini mpaka kwenye mzizi, nusu ya mdomo leo, nusu nyingine wiki ijayo. Kisha unarudi, tunapima tena. Pengi patashika. Hilo moja siahidi."

"Utapima wewe?"

Jonali akaanza kuvua glavu. Ile ya kushoto ikagoma. "Atapima mwenzangu. Mimi leo naacha masomo."

"Unaacha kwa nini?"

"Mama, si ndivyo ulivyotaka?"

Bi Renuka akaweka kioo chini. "Nani kakuambia nataka hivyo?"

Jonali akavuta tena ile glavu.

"Nakuuliza, binti."

"Pranjit."

Mama wa watu akafuta mdomo kwa leso, akaitazama ile damu, akaikunja. "Mimi babangu alinitoa shule nikaolewe. Nikamwambie mtoto wa mwenzangu aache shule? Nina wazimu?"

"Lakini ulikasirika."

"Nilikasirika sana. Ulinifedhehesha mbele ya kaka yangu. Ungeweka tambuu kwenye sinia, ukapiga magoti, ukaniambia, Mama, pokea ila usitafune. Ningeipokea kwa mikono miwili, ningeigusisha kwenye paji la uso, ningeifunga kwenye pindo la nguo. Yangekwisha. Tunachotaka ni kupewa. Kutafuna ni mambo yangu na meno yangu."

Jonali akahisi masikio yanawaka. Ameishi katika desturi hiyo maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba kutoa na kutafuna ni vitu viwili. "Sikufikiri hivyo, Mama. Nisamehe."

"Ulifikiri kama kitabu. Utapona." Bi Renuka akashusha sauti. "Ila mwanangu ndiye anayenitia wasiwasi. Hakukuambia kwamba aliomba nafasi hapa hapa, mwaka wa kabla yako?"

"Hapa?"

"Wakamkataa. Akaniapisha nisikwambie. Ulipochukuliwa wewe alinunua peremende akagawa mtaa mzima, nikadhani amelimeza. Kumbe limemkwama kooni."

Jonali akatoa simu, akampigia Pranjit. Akaiweka kwenye meza ya vifaa, sauti wazi.

"Joni? Umeshamwambia mwalimu?"

"Bado. Nataka kuhakikisha. Mama yako anataka niache?"

"Tulishaongea hayo."

"Niambie tena."

"Ndiyo, anataka. Hata asubuhi ya leo amesema."

"Pranjit," Bi Renuka akaita.



"Mama? Uko wapi?"

"Niko kwenye kiti cha mkeo, kama atakubali kuwa mkeo. Mdomo wangu umejaa damu, kwa hiyo sitasema mengi." Kisha akasema mengi, mpaka Daktari Phukan akasimama mbali akajifanya anatafuta miwani.

Nusu ya mdomo ilikuwa imeshasafishwa Pranjit alipofika mchana, shati limemganda mgongoni. Jonali alimkuta kwenye korido anakwenda na kurudi mbele ya mlango wa kliniki, kama baba anayesubiri mtoto kuzaliwa.

"Joni, nilitaka..."

"Ungeniambia walikukataa, ningekucheka?"

"Hapana."

"Basi?"

"Nilisema haijaniuma. Nikasema hivyo mara nyingi mpaka nikaamini. Halafu kila Jumamosi ukiondoka na begi lako, nakaa kwenye kile kiti changu naona ukuta unanisogelea." Akajifuta uso. "Nilitaka uache, lakini nisiwe mimi niliyesema."

"Wivu ningeuelewa. Wewe ulimweka mama yako mbele, ukajificha nyuma yake. Ungenioa hivyo? Kila ukishindwa kusema unamtaja mtu mwingine?"

"Sijui."

"Angalau hilo umelisema mwenyewe."

Mguu wa Jonali ulikuwa unatikisika tena.

"Masomo siachi," akasema.

"Usiache."

"Na wewe utaomba tena."

"Na wakinikataa tena?"

"Utaniambia siku hiyo hiyo, kabla hujanunua peremende za mtu."

Pranjit akataka kucheka, akaona bado si saa yake. "Umenisamehe?"

"Sijui. Nimechoka kukukasirikia. Hayo ni mambo mawili. Nenda kamchukulie mama yako uji, wali hatauweza leo."

Wageni walirudi kwa wazazi wa Jonali mpunga mpya ulipokuwa umeshaingia ghalani, Bi Renuka akiwa na fizi za rangi ya waridi na lile jino lake moja bado linajadiliana naye. Safari hii Jonali alishika sinia mwenyewe. Majani ya tambuu yamekunjwa, popoo zimekatwa vipande. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Pokea, Mama. Ila usitafune."

Bi Renuka akapokea kwa mikono miwili, akagusisha kwenye paji la uso, akafunga kwenye pindo. Sinia likafika kwa mjomba. Mjomba akachukua, akashukuru, na mkono ukaanza safari ya kwenda mdomoni.

Jonali akamtazama Pranjit. Alikuwa ameshainua macho kutoka kwenye soksi.

"Mjomba, usitafune," Pranjit akasema. "Unafunga mdomo unapocheka tangu mwaka jana, tunakuona. Kesho njoo kliniki utazamwe fizi."

Mjomba akabaki na tambuu hewani. "Nije upande wa nani? Wako au wake?"

"Wake," Pranjit akasema. "Mimi nilikataliwa kwenye hayo masomo. Nimeomba tena. Kwa sasa anayejua ni yeye."

Alilisema mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyeanguka. Mjomba akaitia tambuu mfukoni, polepole, kama anaizika.

Jonali akagundua kwamba mguu wake umetulia.

"Haya," Bi Renuka akasema, "tutaje tarehe, kabla jino langu halijabadili mawazo."