Dawa Tatu kwa Pua Moja

Katika karakana ya kushona sare, mafundi wengine waliendesha cherehani. Mama mmoja alishona kwa mkono: vifungo, vishikizo na pindo. Kwa sababu ya kazi hiyo aliitwa Mama Vifungo.

Alikuwa na kopo la bati lililojaa vifungo vya kila rangi. Zamani alikuwa akilifungua, anatazama, anachukua anachotaka. Mwaka huu mambo yalibadilika. Alimimina vifungo mezani akavipapasa kimoja kimoja, kwa maana macho yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa mpiga pasi katika karakana hiyo hiyo. Siku moja alimwinamia sikioni.

"Mama, shati hili la bluu umelitia vifungo vya kijani."

"Tajiri kaona?"

"Bado. Nitavibadilisha kabla sijapiga pasi."

Lakini tajiri, mwenye karakana, alikwisha kuona. Alikuja akalichukua lile shati mkononi mwa mkwe. Hakufoka.

"Mama, kiti chako nakutunzia," alisema. "Nenda ukatibiwe macho. Ukirudi unaona, kaa hapa mpaka uchoke mwenyewe. Ukirudi hivi hivi, itabidi nimkalishe mtu mwingine."

Kwa bahati, madaktari wa macho walikuwa wamekuja katika hospitali ya wilaya. Walikuja mara moja tu kwa mwaka. Mama Vifungo alipimwa, akapangiwa siku ya upasuaji wa jicho la kulia. Muuguzi alimpa onyo moja.

"Uje ukiwa mzima, mama. Mgonjwa anayekohoa hawezi kutulia kitandani, na daktari wa jicho anataka kichwa kisichotikisika."

Siku chache kabla ya upasuaji, Mama Vifungo alipiga chafya.

Nyumba nzima ikasimama. Akapiga ya pili. Ikafuata kikohozi, pua ikaziba, kichwa kikauma.

"Hapana," alisema mwanawe. "Hapana, hapana. Si wiki hii."

Mwanawe huyo alikuwa fundi wa friji, lakini mtaani walimwita Moto. Hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Alivaa viatu huku anatembea, akawasha pikipiki, akaenda duka la dawa. Aliiacha pikipiki inanguruma mlangoni.

"Nipe dawa ya mafua, ile kali," alimwambia muuzaji.

"Una presha?" muuzaji aliuliza. "Kisukari? Kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Mimi? Mimi sina hata chunusi!"

Muuzaji alicheka, akampa boksi. Jibu la Moto lilikuwa la kweli. Tatizo ni kwamba dawa haikuwa yake. Mama yake alikuwa na presha, na kila asubuhi alikunywa kidonge cha kuishusha.

Jioni ile mkwe naye alipita duka jingine akitoka kazini. Alinunua boksi lenye jina tofauti na rangi tofauti. Jirani wa mlango wa pili akaleta chupa ya dawa ya kikohozi, imebaki nusu.

"Hii ilimponya mume wangu," alisema. "Kunywa tu, dada, haina neno."

Mama Vifungo alikunywa zote tatu. Vidonge alivitoa kwenye maboksi yake akavitia ndani ya kopo la vifungo, kwa sababu vidole vyake vilijua kila kitu kilichomo humo. Aliona vibaya kukataa. Kila mmoja alikuwa amehangaika kwa ajili yake.

Kesho yake pua ilifunguka. Kikohozi kilipungua. Moto akafurahi. Lakini usiku Mama Vifungo hakupata usingizi, na usiku uliofuata pia. Asubuhi mkwe alimkuta anafagia ua ambao ulikuwa umekwisha kufagiwa.

"Mama, pumzika."

"Nikilala nainuka, nikiinuka nataka kulala. Moyo unakwenda kama cherehani iliyokosa fundi."

"Tumwambie daktari?"

"Acha, acha!" Moto alidakia. "Ni woga wa kisu tu. Ukimwambia daktari atamwondoa kwenye orodha."

Mkwe hakuridhika, ila alimpokea mama ufagio.

Siku ya upasuaji walifika hospitali mapema. Muuguzi alimfunga Mama Vifungo mkanda wa kupima presha. Akaitazama mashine. Akamwambia akae kimya, apumzike, kisha akampima tena mkono wa pili.

"Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi," alisema. "Hii haiingii chumba cha upasuaji."

"Mashine yenu imechoka," Moto alisema. "Mimi fundi wa friji. Nipe niifungue."

"Kaka, friji ziko jikoni. Huyu ni mgonjwa."

Daktari wa macho aliitwa. Alimuuliza Mama Vifungo kama kifua kinauma, kama kichwa kinagonga, kama kuna upande wa mwili uliokufa ganzi. Yote hayakuwapo. Akasema upasuaji umeahirishwa.

"Tupo hapa mpaka mwisho wa wiki ijayo," alisema. "Presha ikishuka, nitamfanyia. Isiposhuka, tutaonana mwakani."

Mwakani! Mama Vifungo aliwaza kiti chake karakanani. Vidole vyake vilikunja upindo wa kanga, vikaukunjua, vikaukunja tena.

"Dawa ya presha unakunywa kila siku?" muuguzi alimuuliza.

"Kila siku, mwanangu. Sijaruka."

"Na dawa nyingine?"

"Hamna," alijibu Moto. "Ni za mafua tu."

Muuguzi alimtazama. "Za mafua tu? Nendeni dirisha la dawa. Mwonyesheni mfamasia kila kitu alichokunywa."

Mkwe alikuwa amebeba mfuko wenye maboksi mawili matupu na ile chupa. Mama Vifungo alikuwa na kopo lake. Mfamasia, mwanamke mwenye miwani na sauti ya taratibu, alilimimina kopo juu ya meza. Vikatoka vifungo vyeupe, vifungo vya bluu, na katikati yake vidonge vyeupe, vya duara, vinavyofanana na vifungo vya shati.

Mfamasia alivitenga kimoja kimoja.

"Mama, siku moja ungemeza kifungo."

"Vifungo vina matundu, mwanangu. Vidonge havina."

Hata mfamasia alicheka. Kisha akayapanga yale maboksi mawili na chupa.

"Nani alinunua hili?"

"Mimi," alisema Moto. "Na waliniuliza maswali, nikajibu."

"Walikuuliza kama una presha?"

"Ndiyo. Nikasema sina."

"Ni nani aliyekuwa anakwenda kunywa dawa?"

Moto alimgeukia mama yake.

"Anayenunua si lazima awe anayekunywa," alisema mfamasia. "Ukifika dukani, jambo la kwanza sema dawa ni ya nani. Ana umri gani, ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani. Kama ni mjamzito, sema. Kama ni mtoto mdogo, sema, maana dawa nyingi za mafua na kikohozi hazifai watoto wadogo."

Aligeuza boksi la Moto, akaweka kidole kwenye maandishi ya ubavuni.

"Someni hapa. Siyo jina kubwa la mbele. Hilo ni la kuuzia. Hapa ndipo palipoandikwa kilichomo."

"Herufi hizi zimeandikwa ili zisisomwe," alinung'unika Moto.

Mkwe aliinama akasoma polepole. "Paracetamol. Halafu neno refu. Pseudo... pseudoephedrine."

"Sasa soma boksi lako."

"Paracetamol." Mkwe alishusha kidole mstari wa pili. "Na lile neno refu tena. Mbona majina yake ni tofauti?"

"Majina ya mbele ni tofauti. Dawa ya ndani ni ile ile. Mama amekuwa akinywa kipimo mara mbili. Hilo neno refu ni dawa ya kuzibua pua. Inabana mishipa ya damu, ndiyo maana pua inafunguka. Lakini haibani ya pua peke yake. Presha inapanda, moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia. Mwenye presha haifai kuitumia bila ushauri wa mtaalamu."

"Kumbe sikuwa na woga," alisema Mama Vifungo, akimgeukia mwanawe. "Wewe ulinizulia."

Moto alikuna kichwa.

"Na hiyo paracetamol?" mkwe aliuliza. "Si ni ya kawaida tu?"

"Ni nzuri kwa homa na maumivu, ikinywewa kwa kipimo. Vidonge vya miligramu mia tano, mtu mzima asizidishe vinane kwa siku nzima, usiku na mchana. Mwenye mwili mwembamba kama mama hupewa pungufu ya hapo. Ikizidi inaharibu ini, na ini haliumi mapema. Unajiona mzima kumbe linaharibika."

Alimuuliza Mama Vifungo amekunywa vingapi, akahesabu. Hakuwa amevuka kikomo, lakini alikuwa amekikaribia. Dawa ya jirani mfamasia hakuihesabu. Maandishi ya chupa yalikuwa yamefutika.

"Dawa isiyosomeka hainywewi," alisema, akaiweka kando.

Moto hakuweza kutulia. Alikuwa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Basi tupe antibayotiki, dada. Tuyamalize haya mafua leo."

"Mafua yanaletwa na virusi. Antibayotiki haiui virusi. Na hizi za dukani nazo hazitibu mafua. Zinapunguza adha tu: homa, maumivu, pua kuziba. Mafua yenyewe yanaondoka yakimaliza muda wake."

"Kwa hiyo tukae tu?"

"Ndiyo, kaeni. Najua kwako ni kazi ngumu."

Mkwe alicheka hadi akaziba mdomo kwa mkono.

Mfamasia aliwapa maelekezo. Yale maboksi mawili yaachwe. Dawa ya presha iendelee kama kawaida. Paracetamol ya peke yake, isiyochanganywa, inywewe kichwa kikiuma au homa ikipanda, si vinginevyo. Pua isafishwe kwa maji maalumu ya chumvi ya kupulizia, yanayouzwa dukani. Kikohozi kitulizwe kwa kijiko cha asali katika maji ya uvuguvugu. Asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mama anywe maji na apumzike.

"Mkiona anapumua kwa shida, kifua kinambana, anachanganyikiwa, au homa haishuki, msije dirishani kwangu. Nendeni moja kwa moja kwa daktari."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Moto. Alimuuliza mama yake kila alipopita, "Vipi sasa?" Alitaka kumpeleka akapimwe presha asubuhi na jioni. Alipokosa la kufanya, alifungua friji ya nyumbani, ambayo haikuwa na ubovu wowote, akaifunga tena.

Mama Vifungo alilala. Usiku wa kwanza alilala kidogo, wa pili akalala mpaka alfajiri. Kikohozi kilikuja na kuondoka kwa wakati wake. Dawa zake sasa zilikaa ndani ya maboksi yake, juu ya kabati, mbali na vifungo.

Madaktari walipokaribia kuondoka, muuguzi yule yule alimfunga mkanda. Moto alisimama nyuma yake, ameshika kofia kwa mikono miwili. Muuguzi alisoma mashine, akageuka.

"Mashine yetu imepona," alisema. "Mama, twende."

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji. La kushoto lilipangiwa mwakani. Jicho lilipopona, Mama Vifungo alirudi karakanani. Tajiri alimpa shati la bluu. Alifungua kopo, akatazama, akachukua vifungo vya bluu.

Msimu wa baridi ulipoingia, Moto mwenyewe alishikwa na mafua. Alifika nyumbani macho mekundu, boksi jipya mkononi, anatafuta kikombe cha maji.

"Lete hapa hilo boksi," mama yake alisema. "Kazini hujanywa kitu?"

"Nimekunywa ya unga, ile ya kukoroga. Rafiki yangu kanipa."

"Ina nini ndani?"

"Nitajuaje, mama? Paketi ninayo mfukoni, lakini herufi zenyewe ndogo mno. Hazisomeki."

Mama Vifungo alichukua ile paketi na lile boksi. Akasogea dirishani penye mwanga, akaviweka mbele ya jicho la kulia.

"Zinasomeka," alisema, akaanza kumsomea.