Mawaridi Yaliyoogeshwa Jioni

Jua lilipoanza kulegea, mtunza bustani alifungua bomba. Maji yalipanda juu, kisha yakashuka taratibu juu ya mawaridi. Kila jani lilishika tone lake. Hewa ilijaa harufu tamu, na bustani nzima ikawa kama inasinzia.

"Yaogeshe vizuri," alisema mama yake, akiwa ameketi kwenye benchi. "Yasilale na vumbi."

"Nayaogesha, Mama."

Mama ndiye aliyekuwa mtunzaji wa bustani hiyo ya umma zamani. Alimfundisha binti yake kuogesha mawaridi jioni. Alimfundisha pia kusogeza majani yaliyoanguka yafunike mashina, kama mtoto anavyofunikwa shuka.

Siku hizi mama alikuwa anasahau. Nyumbani alimwita binti yake "we dada", akamwuliza anamtafuta nani. Siku moja alimfukuza jikoni na mwiko! Lakini akiketi karibu na mawaridi, akavuta harufu ile, kumbukumbu zilirudi.

"Mwanangu," alisema, "mbona umekonda hivyo?"

Binti hakuwa amekonda hata kidogo. Alikuwa amejaa vizuri tu. Lakini neno lile lilimfurahisha mpaka akasahau uchovu.

Sasa mawaridi yalikuwa yanaugua. Majani yalitoka madoa meusi, yakawa ya manjano, yakapukutika. Maua yakawa ya kutafuta kwa tochi. Binti akaongeza maji. Akaongeza na majani ya kufunika mashina. Alijituma kwelikweli, na mambo yakazidi kuharibika.

Mkuu wa bustani akaja, mikono mgongoni.

"Haya ni mawaridi au mafagio?" aliuliza. "Mvua zikiisha na bado yako hivi, nayang'oa yote. Nitamwaga zege hapa."

Binti aliogopa sana. Yakiondoka mawaridi, nani atamwita mwanangu?

Jirani yao alikuwa bibi shamba. Kazi yake ilikuwa kuwashauri watu kuhusu mimea. Alikuja jioni, akatazama mawaridi yakiogeshwa, akachuma jani moja na kuligeuzageuza.

"Dada, unayatunza kwa mapenzi," alisema. "Lakini anayefaidi ni adui yao."

"Adui gani tena?"

"Ugonjwa wa ukungu. Ni ndugu wa ukungu unaoota kwenye mkate uliokaa siku nyingi. Unapenda majimaji. Jani likilala limelowa, ugonjwa unaota."

"Na haya majani niliyofunika chini?"

"Hao ni wagonjwa. Umewalaza kitanda kimoja na wazima! Mvua ikipiga, matone yanaurusha ugonjwa juu tena."

Mtunza bustani alishika kiuno. "Kumbe mimi ndiye ninayeyaua!"

"Hukujua, dada yangu. Sasa mwagilia asubuhi, maji yaende chini kwenye shina. Okota majani yote yaliyoanguka, uyatupe mbali. Usiyatie kwenye mboji. Kata matawi yenye ugonjwa, na yaliyobanana yapunguze ili upepo upite. Ukimaliza mti mmoja, futa mkasi kwa spiriti kabla ya kwenda kwa mwingine. Madoa yakikataa kuisha, niite tuzungumze habari za dawa. Usipulizie tu chochote."

Kuokota majani kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa mama. Jioni iliyofuata bomba halikufunguliwa, na mama akasimama kwa hasira.

"Mbona hayaogeshwi? Wewe ni nani, unayanyima maji?"

Hata hapo, mbele ya mawaridi, hakumjua. Binti alilia waziwazi, bila kujali wapita njia.

Lakini hakurudi nyuma. Asubuhi alimleta mama mapema, bustani ikiwa bado kimya. Alimpa kopo la kumwagilia, akaushika mkono wake na kuuinamisha.

"Huku chini, Mama. Majani tuyaache makavu."

Kesho yake mama alikuwa amesahau. Binti akamfundisha tena, kama ndiyo siku ya kwanza. Kesho kutwa tena. Walitembea polepole kutoka mti hadi mti, kama watu walio ndotoni, maji yakinong'ona kwenye udongo.

Mvua zikaisha. Mawaridi yalikuwa yametoa majani mapya, ya kijani, yasiyo na doa. Kisha yakachanua, mekundu na meupe. Mkuu wa bustani alikuja, akavuta harufu, na habari za zege zikamtoka kichwani. Alimkuta mama ameinama na kopo lake.

"Mama, mbona humwagii majani?"

"Unataka yaugue?" mama alicheka. "Maji ni ya mizizi, baba."

"Nani amekufundisha?"

Mama alinyooka. Macho yake yalizunguka bustani, yakitafuta. Yakasimama kwa mwanamke aliyekuwa akifuta mkasi.

"Yule pale," alisema. "Nimemzaa mwenyewe."