Fundi na Tundu la Kulia

Fundi seremala alikuwa na mazoea yake. Akiletewa mbao, huipiga randa mara moja, huyanusa maranda yake, kisha huitaja: mwerezi huu, mkangazi ule. Lakini mwaka huu harufu zilianza kumkimbia. Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa dirisha, naye akipita katikati yake kama mtu aliye usingizini.

"Vumbi tu hili," alimwambia mkewe. Akajifukiza, akameza dawa za mafua. Miezi minane ikaisha.

Siku moja gundi iliungua kwenye jiko la karakana. Fundi alikuwa hatua mbili tu, hana habari. Aliyekuja mbio ni mkewe, na nyuma yake jirani yao muuguzi.

"Shemeji, pua imeziba pande zote?" muuguzi aliuliza.

"Tundu la kulia tu."

Mke akaongeza kwamba mto wake wa kulalia huwa na matone ya damu.

"Mafua hayachagui upande," muuguzi alisema. "Tundu moja likiziba muda mrefu, na damu inatoka, nenda kwa daktari wa pua."

Daktari alipitisha kamera nyembamba puani, akaona uvimbe laini. Picha ya kichwa ikaonyesha ukubwa wake. Sasa alitaka kukata kinyama kidogo kipimwe. Fundi akagoma. Alikuwa amesikia kwamba uvimbe ukiguswa huamka, na aliogopa sana.

"Fundi, mbao iliyopakwa rangi unaijuaje?" daktari aliuliza.

"Naipiga randa."

"Na mimi vivyo hivyo. Picha inanionyesha uvimbe ulipo. Kinyama ndicho kitakachoniambia ni nini. Kukipima hakuuamshi."

Fundi akakubali. Siku kumi za kungoja majibu, aliota maranda ya mbao yakidondoka kimya, yasiyo na harufu.

Majibu yakaja: ni uvimbe wa nadra, unaoota kwenye ganda la mshipa wa fahamu. Si saratani. Uliondolewa kupitia tundu hilo hilo la pua, bila kupasua uso.

Wiki kadhaa baadaye, Fundi alikuwa akipima mguu wa meza. Ghafla akainua kichwa.

"Mke wangu, gundi inaungua."

Mkewe alikuwa mlangoni. Aliisikia harufu ile mapema, akanyamaza makusudi. Sasa alijifuta machozi, akaenda kuzima jiko.